Fundi rangi anaanzia ukutani: jinsi ya kupaka nyumba rangi ikadumu

Mteja anapomwita fundi rangi, mara nyingi ameshachagua rangi. Ana picha kwenye simu na anataka kujua kazi itaisha lini. Fundi anayeijua kazi yake huanza na maswali mengine: ukuta huu ulipigwa lipu lini, na kama una maji, yanatoka wapi? Rangi nyingi zinazobambuka kabla ya wakati wake zilishaharibika kabla kopo halijafunguliwa. Kupima, kukausha, kukwangua na kulainisha ndiko kunakokula muda. Kupaka kwenyewe ni sehemu fupi, na ndiyo pekee ambayo mteja huiona.

KUUPIMA UKUTA

Lipu mpya ya saruji isubiri angalau siku 28. Sababu ni mbili. Kwanza, ndani bado kuna maji, nayo lazima yatoke. Ukiyaziba kwa rangi yatatafuta njia na kuisukuma nje. Pili, saruji changa ina ukali wa alkali, 12 hadi 13 kwenye kipimo cha pH. Ukali huo unapokutana na rangi ya mafuta huyageuza mafuta yake kuwa sabuni: rangi inabaki inanata, inatoa mabaka, kisha inalegea. Rangi ya maji huvumilia zaidi, lakini nayo hupauka vipande vipande, hasa bluu na kijani. Mteja anayetaka kuhamia wiki ijayo atakusukuma. Mweleze wazi, na akishikilia, mpigie mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa rangi nyeupe ya maji inayopitisha hewa, mikono ya mwisho isubiri.

Hata hivyo siku 28 ni makadirio tu. Ukuta mnene uliopigwa lipu wakati wa masika unaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Kipimo rahisi ni kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, kilichobandikwa ukutani kwa teepu pande zote nne hewa isipite. Kiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, au ukuta chini yake umebadilika kuwa mweusi mweusi, maji bado yamo. Matone yakiwa upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa. Fungua madirisha, usiulaumu ukuta. Weka vipande viwili au vitatu, na kimoja kiwe karibu na sakafu.

Unyevu ukiwapo, tafuta unakotoka kwa kuangalia umbo lake. Ukiwa mstari unaopanda kutoka sakafuni na kuishia kwenye kimo cha goti au kiuno, maji yanatoka ardhini, na dawa yake iko kwenye msingi: udongo uliorundikwa nje juu ya usawa wa sakafu, au mfereji ulioziba. Doa la mviringo katikati ya ukuta unaopakana na bafu ni bomba linalovuja. Doa linaloshuka kutoka juu ni bati, gata au ufa wa lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha). Hakuna rangi inayoponya hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na fundi anayekubali kupaka juu yake anauza kazi ya miezi michache.

Nyumba za pwani zina tatizo lao, yaani chumvi. Lipu iliyochanganywa kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima chenye chumvi huvuta unyevu wa hewa miaka nenda miaka rudi, na unga mweupe hujitokeza juu. Unga huo usiuoshe, kwa sababu maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Usugue kwa brashi kavu ngumu, uzoe, subiri wiki moja, usugue tena. Ukiendelea kutoka baada ya mara kadhaa, lipu hiyo haina budi kubanduliwa.

Kwenye ukuta uliokwisha kupakwa, pitisha kiganja. Kikitoka na vumbi la rangi, rangi hiyo imechakaa na rangi mpya itashika vumbi badala ya ukuta. Sugua, osha, kisha paka praima ya kushikilia, yaani tabaka la kwanza linalotangulia rangi yenyewe. Chora alama ya X kwa wembe hadi kwenye lipu, bandika teepu juu yake, ikandamize, ivute kwa nguvu. Ikitoka na vipande, rangi ya zamani lazima ikwanguliwe yote. Kujua kama ni ya maji au ya mafuta, sugua kwa kitambaa chenye spiriti: ya maji hulainika na kutoka kwenye kitambaa, ya mafuta hubaki. Jambo hili si dogo, kwani rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa huchunika baadaye hata kwa ukucha. Ipige msasa kwanza hadi mng'ao wote ufe.

Majengo ya zamani yanaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, hasa rangi za mafuta za njano, nyekundu na kijani kwenye milango na madirisha. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Kwa hiyo usiipige msasa mkavu wala usiichome kwa moto. Loanisha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, watoto na wajawazito wasiwepo, na nguo za kazi usizifue pamoja na za nyumbani. Ununuapo rangi mpya, tafuta maandishi yanayosema haina risasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni.

SKIMU NA MSASA

Skimu, yaani tabaka jembamba la unga laini linalopigwa juu ya lipu, ndiyo inayoufanya ukuta uonekane wa maana, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Unga wa jipsamu ni wa ndani tu, tena sehemu kavu. Nje, jikoni karibu na sinki na bafuni tumia unga wa skimu wa msingi wa saruji nyeupe ulioandikwa kuwa wa nje. Jipsamu iliyopigwa nje hunywa mvua, hulainika, na huanguka pamoja na rangi yake. Wapo wanaochanganya jipsamu na saruji nyeupe wenyewe ili kubana gharama. Mahali pakavu mchanganyiko huo unaweza kukaa, lakini unyevu ukiingia, viwili hivyo hutengeneza fuwele zinazovimba na tabaka hupasuka. Kwa kazi ya mteja, nunua unga wa kiwandani wa mahali husika.

Weka maji kwanza kwenye ndoo, kisha mimina unga ukikoroga. Ukianza na unga utapata madonge. Aina nyingi za unga huhitaji mililita 350 hadi 400 za maji kwa kilo, lakini soma mfuko. Acha dakika kumi, koroga tena. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Ikianza kukaza, usiongeze maji: itapakika, ndiyo, lakini itakuwa dhaifu na itatoka unga ukiigusa.

Loanisha ukuta kidogo kama unanyonya sana, piga mkono wa kwanza kutoka chini kwenda juu, wa pili kwa kukatisha baada ya wa kwanza kukauka. Kila mkono usizidi milimita moja na nusu, na yote kwa jumla isizidi tatu. Shimo kubwa lizibwe kwa lipu. Skimu nene hunywea ikikauka na kutoa nyufa nyembamba zinazoonekana hata baada ya rangi.

Msasa namba 120 huondoa michirizi ya mwiko, namba 180 au 220 humalizia. Fanya ukaguzi usiku au chumba kikiwa na giza: weka tochi ubavuni kabisa mwa ukuta, mwanga utambae juu yake. Kila bonde na kila mkwaruzo utatupa kivuli. Zungushia kwa penseli, rekebisha, piga tena msasa. Robo saa ya tochi hukuepusha na lawama za siku mteja atakapowasha taa za ukutani. Kisha futa vumbi lote kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevu. Vumbi la msasa lililobaki ni miongoni mwa sababu kubwa za rangi mpya kubanduka kama shiti nzima.

HESABU YA VIFAA

Usikisie. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8. Mzunguko ni mita 15, mara 2.8 ni mita za mraba 42. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2: jumla 5.5 hivi. Inabaki 36.5. Kwa skimu ya mikono miwili, kilo 1.2 kwa mita ya mraba, unahitaji kilo 44, yaani mifuko miwili ya kilo 25. Kwa rangi, lita moja kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni mita za mraba 73, sawa na lita 7.3, ongeza asilimia 10 ya upotevu, unapata lita 8. Nunua makopo mawili ya lita 4. Ukuta huo huo ukiwa wa lipu isiyo na skimu, lita moja hufunika mita za mraba 6 hadi 8 tu, kwa hiyo hesabu inaweza kupanda hadi lita 13 au zaidi. Dari ni hesabu ya peke yake: hapa mita za mraba 14.

Makopo ya rangi moja yenye namba tofauti za uzalishaji yanaweza kutofautiana kidogo. Yamimine yote kwenye ndoo kubwa, koroga pamoja, kisha yarudishe. Ukikosea hapa, mpaka wa kopo la kwanza na la pili utaonekana katikati ya sebule.

KUPAKA

Ukuta mpya upate praima inayohimili alkali. Mafundi wengi hutumia rangi nyeupe ya bei rahisi iliyozimuliwa maji mengi. Hiyo hupunguza unyonyaji wa ukuta ila haizuii ukali wa saruji. Baada ya praima, mkono wa kwanza wa rangi ya maji zimua kwa asilimia 10 ya maji, wa pili asilimia 5 au bila maji. Ukizidisha, gundi inayoshikilia rangi inatawanyika, na ukuta utatoa vumbi mapema. Lita moja ya maji kwenye kopo la lita 4 ni asilimia 25, na hapo mteja ameshaibiwa hata kama hukukusudia.

Anza na dari, kisha kuta, kisha milango na fremu. Rola ya inchi 9 yenye manyoya ya milimita 9 hadi 12 inafaa ukuta laini. Lipu ya mkwaruzo inataka milimita 18 au 20. Rola mpya ioshe kwa sabuni, au izungushie teepu na kuivuta, ili nyuzi zinazong'oka zisibaki ukutani.

Chukua brashi ya inchi 2 au 3, ichovye theluthi moja tu ya manyoya, igonge ndani ya kopo, na ukate, yaani upake kwa brashi, pembe na kingo upana wa sentimita 5 hivi. Kata sehemu ya ukuta mmoja tu, kisha ingia na rola kabla haujakauka; ukikata chumba kizima asubuhi na kurudi na rola mchana, fremu ya rangi iliyokoza itazunguka kila ukuta. Rola ijae, isichuruzike. Chora W ya upana wa mita moja, jaza katikati bila kukandamiza, malizia kwa kupitisha rola taratibu kutoka juu hadi chini, zote upande mmoja. Songa mbele, kila kipande kikipandia kingo mbichi ya kilichotangulia. Usirudie sehemu iliyoanza kukauka, hata ukiona kasoro. Iache, utaimaliza kwenye mkono wa pili. Michirizi mingi ya rola hutokana na huruma hiyo ya kurudi nyuma, au na mkono uliokandamiza rola kavu kwa uvivu wa kuchovya.

Rangi ya maji subiri saa 2 hadi 4 kati ya mikono, zaidi kukiwa na unyevu hewani. Nje, fuata kivuli: ukuta wa mashariki upakwe alasiri, wa magharibi asubuhi. Weka kiganja ukutani. Ikiwa joto linakukera, rangi itakauka juu kabla haijashika chini. Pwani, panga kazi za nje mbali na masika ya Machi hadi Mei. Ngazi iegemee kwa uwiano wa nne kwa moja, yaani ikifika kimo cha mita 4, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani.

KUTA ZA MAWE NA CHOKAA

Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, zote mbili kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo ni nene, hunywa unyevu na kuutoa kupitia uso wake. Ukizipaka rangi ya plastiki au kuzipiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa, chumvi inakusanyika nyuma ya tabaka, na uso mzima huanguka ukiwa na vipande vya lipu ya asili. Fundi anayeitwa kwenye nyumba ya aina hiyo anatakiwa kujua kupaka chokaa, na inasikitisha kwamba wanaoijua kazi hii vizuri ni wachache kuliko kuta zinazowahitaji. Tena, kabla ya kugusa uso wa jengo lililo ndani ya hifadhi, uliza mamlaka ya mji huo.

Loweka chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kupoozwa kwa maji, kwenye pipa, maji yaifunike. Siku moja ni kima cha chini. Wiki kadhaa ni bora zaidi, inakuwa laini na kushika vyema. Chukua sehemu moja ya chokaa hiyo nzito kwa sehemu mbili hadi tatu za maji, koroga hadi iwe nyepesi kama maziwa, chuja kwa kitambaa. Ukitaka rangi, tumia udongo wa rangi au oksidi za chuma, zisizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa. Rangi nyingine huliwa na ukali wake.

Brashi pana, ukuta umenyunyiziwa maji hadi uwe na unyevu usiometa. Paka nyembamba sana. Chokaa mbichi huonekana kama haijafunika kitu, na hapo wasioizoea huongeza unene, kisha inapasuka na kutoka magamba. Vumilia: inavyokauka inavuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe jembamba jeupe. Mikono mitatu hadi mitano, siku moja kati yake, ukinyunyiza maji kabla ya kila mkono. Jua kali lizuiwe kwa magunia mabichi. Miwani ya kinga ni lazima. Tone la chokaa likiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 na uende hospitali.

MBAO NA CHUMA

Chuma: ondoa kutu hadi uone chuma kinachong'aa, praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, saa 16 hadi 24 kati yake. Mbao: msasa ufuate nyuzi, ziba matundu ya misumari, praima, msasa mwepesi, rangi. Zimua kwa tapentaini au thina iliyotajwa kwenye kopo, asilimia 5 hadi 10. Petroli usiitumie kamwe. Mvuke wake hulipuka kwa cheche ya swichi, na huifanya rangi ipoteze mng'ao. Fungua madirisha.

RANGI INAPOHARIBIKA

Malengelenge yapasue kwa kisu uone ndani. Ukiona lipu tupu, maji yalitoka ukutani. Ukiona tabaka la rangi ya chini, tatizo lilikuwa kati ya mikono: jua kali, vumbi, au mkono wa kwanza uliokuwa haujakauka. Dawa ni tofauti kabisa, kwa hiyo usianze kukwangua kabla ya kuangalia.

Ukungu mweusi haufunikwi. Changanya jiki sehemu moja kwa maji sehemu tatu, paka, acha dakika 15 hadi 20, sugua, suuza, ukauke kabisa. Jiki isikutane na dawa ya kusafishia choo wala amonia. Hutoa hewa ya sumu. Kisha shughulikia chanzo: dirisha lisilofunguliwa, kabati lililogandamizwa ukutani.

MAKUBALIANO

Andika kwenye karatasi: mita za mraba, aina ya praima, idadi ya mikono, namba ya rangi, nani ananunua vifaa, nani anahamisha samani. Bei ya mita ya mraba ni ya haki kuliko ya siku, kwa sababu ya siku humfaidi fundi mzito na humuumiza aliye makini. Malipo ya awali yatoshe vifaa. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya ukaguzi mkweli wa mchana. Kasoro uliyoikuta, kama bomba linalovuja, iandike na ipigwe picha kabla ya kuanza.

Kwa Tanzania, VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) hufundisha upakaji rangi, na pia hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Kenya, NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja. Cheti husaidia kupata kazi za makandarasi, ambako bila karatasi hupiti getini.

Siku ya kukabidhi, mwachie mteja nusu lita ya rangi iliyobaki kwenye chombo kinachofunga vizuri, kimeandikwa chumba, namba ya rangi na tarehe. Mwambie asiuoshe ukuta kwa wiki mbili hadi nne, kwa sababu rangi ya maji hukauka kwa saa chache lakini hukomaa polepole. Brashi na rola zioshe kabla hujaondoka. Maji ya kuoshea yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Yaache yatulie ndani ya ndoo, mwaga maji ya juu chooni, na mashapo yakikauka yatupe na taka ngumu.